Mtoto Anapopelekwa Hospitali ya Mbali: Namna ya Kuisaidia Familia Inayokuja Kutibiwa Bukavu

Karatasi ya transfere, yaani ya kumhamishia mgonjwa hospitali kubwa zaidi, ni fupi. Daktari wa hospitali kuu ya zoni ya afya huandika humo jina la mtoto, umri wake, ugonjwa anaoushuku, dawa zilizokwisha kutolewa na jina la hospitali ya Bukavu inayotarajiwa kumpokea, kisha anatia sahihi na muhuri. Kuanzia hapo mengine yote yanabaki mikononi mwa familia: gari au boti ya kuwafikisha, mahali pa kulala mlinzi wa mgonjwa (ndugu anayemhudumia hospitalini), makala, yaani makaa, ya kupikia, watoto wanaobaki nyumbani, shamba linalongoja mbegu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale walio karibu na familia hiyo na wanaotaka kuisaidia, yaani jamaa, majirani, wanakikundi, waumini wenzao, pamoja na sisi wa mjini ambao hujikuta tunapokea wageni wa namna hiyo bila kujiandaa.

Liko jambo ambalo ningependa msomaji alishike tangu mwanzo, kwa kuwa sisi tulijifunza kwa kukosea. Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, kilimchangia mama mmoja aliyetoka upande wa Mwenga na mtoto mwenye miguu iliyopinda tangu kuzaliwa. Tulichanga kwa moyo mweupe, tukamkabidhi fedha zote siku aliyofika, tukasali pamoja naye, tukaenda zetu. Miguu ya namna hiyo hunyoshwa polepole kwa kuifunga plasta inayobadilishwa kila juma, mara nyingi kwa majuma matano hadi saba, na baada ya hapo kazi bado haijaisha. Juma la nne tulipoenda kumsalimia tulikuta kitanda kina mgonjwa mwingine. Fedha zilikuwa zimemwishia, aliona haya kuomba mara ya pili, na kutoka nyumbani alikuwa ameletewa habari kwamba bibi aliyeachiwa watoto ameugua. Tulikuwa tumeufanya ugonjwa kama harusi, kitu cha kuchangiwa siku moja kikaisha.

Tangu siku hiyo tunagawa kila mchango katika mafungu matatu, nami nashauri kila kikundi kifanye hivyo kabla hata ya kuhesabu kilichopatikana. Fungu la kwanza ni la safari na la malipo ya kutanguliza hospitalini. Fungu la pili, ambalo linapaswa kuwa kubwa kuliko mengine, ni la kuishi: linatolewa kidogo kidogo kila juma na mtu mmoja aliyeteuliwa, bila familia kulazimika kuliomba. Fungu la tatu ni la kurudi nyumbani na kuja tena siku ya rendevu, ile iliyopangwa na daktari. Vingi vya vikundi vya MUSO, yaani vya kuweka akiba na kusaidiana, katika jimbo letu la Kivu Kusini tayari vinalo kasha jekundu, lile la kusaidiana katika shida, tofauti na kasha la kijani la kuweka na kukopeshana. Mtoto anapopata transfere, kasha jekundu ndilo la kufunguliwa. Nimeona vikundi vikimpa mzazi mkopo kutoka kasha la kijani, naye akarudi kutoka hospitali na deni la hospitali na deni la kikundi kwa pamoja. Huo si msaada.

Kabla ya kuondoka

Muda wa kujiandaa mara nyingine ni saa mbili, mara nyingine ni mwezi. Ukiwa na saa mbili tu, shughulika na mtoto, karatasi na nauli, mengine yatafuata kwa simu. Ukiwa na siku kadhaa, mwambie mmoja mwenye uwezo wa kuuliza maswali aende na mzazi kwa daktari aliyeandika transfere, amwombe apige simu Bukavu kwanza. Daktari mwenye kazi maalumu, kama yule wa upasuaji wa watoto au wa macho, hapatikani kila siku katika kila hospitali, na familia imekwisha kulala siku nne kwenye korido kwa sababu ilifika siku moja baada ya siku ya konsultasio. Aulize pia matibabu yanakadiriwa kuchukua muda gani, ni kiasi gani kinachodaiwa kabla ya kupokelewa, na iwapo sehemu ya matibabu hayo hailipwi, kwa maana dawa za kifua kikuu, kwa mfano, hutolewa bure na programu ya taifa, na maziwa na bidhaa za kutibu utapiamlo mkali kwa kawaida huletwa kwa msaada.

Karatasi ziwekwe katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kwani kwetu mvua na ziwa haviulizi. Humo muwe na transfere, kadi ya chanjo na ya kupimwa uzito, majibu ya maabara, picha za radio (eksirei) kama zipo, na maganda ya dawa zote ambazo mtoto amemeza, pamoja na zile za kienyeji zitajwe bila kuficha. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu ya mtu anayebaki.

Kuhusu nani asindikize, desturi huamua kwamba mama aende, na kwa mtoto anayenyonya hakuna mjadala. Lakini lipo jambo linalosahauliwa na ambalo limechelewesha upasuaji mwingi. Daktari anapohitaji idhini ya kupasua, mama hujibu kwamba lazima baba wa mtoto au baba mkubwa aulizwe, naye yuko machimboni mahali ambapo simu haipati mtandao. Kikao cha familia kifanyike kabla ya safari, wazee wakubaliane waziwazi kwamba aliyeko kitandani pa mtoto ana ruhusa ya kuamua, na baba aandike hivyo kwa mkono wake kwenye karatasi. Atakayekwenda kama mtu wa pili awe mwenye nguvu za kupanda na kushuka vilima vya Bukavu kutafuta dawa, na ikiwezekana awe anasikia Kifaransa kidogo.

Fedha zenyewe zina adabu yake. Noti ya dola iliyochanika hata pembeni kidogo, au yenye alama ya kalamu, itakataliwa mjini, kwa hiyo zichaguliwe noti safi, na ziwepo faranga za kutosha kwa ajili ya motari (pikipiki za abiria), sabuni na maji. Kilichobaki kitumwe baadaye kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kwenye laini iliyoandikishwa kwa jina la yule aliye hospitalini, na anayetuma aongeze ile gharama ya kutoa. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mama anayetumiwa kiasi kamili cha bei ya dawa hukosa dawa hiyo kwa sababu ya mia chache za wakala.

Sasa nyumbani. Hapa ndipo majirani wasio na fedha wanaweza kusaidia kuliko wenye nazo. Mwezi wa Septemba na mwezi wa Februari ndiyo nyakati za kupanda katika sehemu nyingi za vilima vyetu, na mzazi aliyeko hospitalini wakati huo anajua kwamba kila siku anayokaa inaondoa chakula cha miezi inayokuja. Ndiyo maana wengi hutoroka matibabu wakati wa kupanda. Kikundi kikipanga salongo, yaani kazi ya pamoja, ya siku mbili, kikalima na kupanda shamba lile, kisha kikampigia simu na kumweleza kilichopandwa na wapi, kimemnunulia utulivu ambao fedha hazinunui. Vivyo hivyo kwa watoto waliobaki: wasigawanywe kwa haraka katika nyumba tano, bali akae nao mtu mmoja anayejulikana, na mwalimu wao aambiwe hali ilivyo ili asiwafukuze kwa ajili ya minerval, yaani ada ya shule. Mara mbili kwa juma wazungumze na mama yao kwa simu, hata kama ni kwa dakika tatu.

Njiani

Jimbo letu lina maeneo manane, na njia ya kutoka kila moja ina ugumu wake. Anayetoka Idjwi anavuka ziwa. Anayetoka Uvira kwa njia ya Kamanyola anapanda mlima wa Ngomo. Anayetoka ndani ya Shabunda anaweza kuanza kwa miguu au kwa pikipiki siku nyingi kabla ya kuona lami. Msaidizi aulize asubuhi ileile hali ya barabara na ya usalama kwa watu waliopita jana, asitegemee habari za juma lililopita. Kwa boti, jile la kuogelea (la kumzuia mtu asizame) liwepo kwa mlinzi na kwa mtoto, na kama hakuna, isafiriwe nyingine.

Mtoto mgonjwa hufa njiani kwa baridi na kwa kukosa sukari mwilini, hata pale ambapo ugonjwa wenyewe ungengoja. Anayeweza kunyonya anyonyeshwe kabla ya kuondoka na kila baada ya muda mfupi. Asiyenyonya lakini anayeweza kumeza apewe maziwa au maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, yaani gramu 20, katika mililita 200 za maji safi. Asiyejitambua asimiminiwe kitu chochote mdomoni, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Huyo ahudumiwe na muuguzi kabla ya kuondoka, na muuguzi aulizwe la kufanya njiani. Kichanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, asafirishwe akiwa amelazwa kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na kikwembe juu yao wote wawili. Kama ni malaria kali na mtoto yuko chini ya miaka sita, muulizeni muuguzi wa kituo kama ana artesunate ya kuweka kwa njia ya haja kubwa, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya safari kama hizo, ingawa haichukui nafasi ya matibabu ya hospitali.

Mjini

Mgeni anayeshuka bandarini au kwenye kituo cha magari akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni anatambuliwa upesi, na si wote wanaomkaribia wana nia njema. Wapo makomisioneri watakaojitolea kumpeleka kwa "daktari wanayemjua". Kwa hiyo apokelewe na mtu ambaye jina na simu yake amepewa kabla, na waende moja kwa moja hospitali iliyoandikwa kwenye transfere, iwe ni ile kuu ya jimbo, iwe ni ya Panzi ambayo daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, au nyingine. Kubadilisha hospitali njiani kwa ushauri wa mpita njia ni kupoteza siku na fedha.

Kwa wenye nyumba tunaopokea, nashauri tuseme ukweli mapema. Kama una nafasi ya majuma mawili, sema majuma mawili, na umsaidie kutafuta pengine kabla hayajaisha, kuliko kunyamaza na kuanza kununa juma la tatu, kwa maana mgeni huona. Nyumba iliyo karibu na hospitali, hata ikiwa ndogo, ni bora kuliko kubwa iliyo Bagira wakati mtoto amelazwa Panzi, kwani nauli ya motari mara mbili kwa siku inakula chakula chote.

Chakula hospitalini kwetu ni kazi ya familia. Pangeni zamu kwa majina na siku, kwamba Jumatatu ni nyumba hii, Jumanne ni ile, na mwenye zamu alete chakula kilichopikwa pamoja na bido la maji safi. Wasiokuwa na muda wa kupika walete makala, sabuni, chumvi na mafuta, kwa sababu mlinzi wa mgonjwa akiwa na mbabula (jiko la makala) na mahali pa kupikia anaweza kujitegemea kwa siku kadhaa. Anayenyonyesha asisahauliwe kwa kuwa macho yote yako kwa mtoto: bugali, sombe na sambaza zinazomfikia mama ndizo zitakazokuwa maziwa.

Ila kwa mtoto mwenyewe tuwe waangalifu sana, na hapa nitakawia kidogo, kwani nimeshuhudia upendo ukileta madhara. Mtoto aliyelazwa kwa bwaki, mwenye miguu iliyovimba na nywele zilizopauka, huanza kwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yanayotolewa kwa vipimo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Maziwa hayo ni mepesi makusudi. Mwili uliodhoofika hauwezi kubeba chakula kingi kwa ghafla. Moyo unaweza kushindwa. Baada ya siku kadhaa, hamu ya kula inaporudi na uvimbe unapoanza kushuka, ndipo anapohamishiwa kwenye maziwa yenye nguvu zaidi au kwenye ile pakiti ya siagi ya karanga. Sasa shangazi anafika na sahani ya maharagi, anamwona mtoto analia njaa, anaona wauguzi wana roho ngumu, anamlisha kwa siri. Asifanye hivyo. Hali ni hiyohiyo kwa mtoto anayengoja upasuaji: akiambiwa asile wala asinywe, hata juisi ya matunda inaweza kumletea hatari akiwa usingizini mwa dawa, au kuahirisha upasuaji kwa siku nyingine. Ukileta kitu, mpe mama, umwambie amuulize muuguzi.

Lugha nayo ni msaada. Daktari anazungumza Kifaransa na wauguzi, kisha Kiswahili na mzazi, naye mzazi aliyekulia katika Kilega, Mashi, Kihavu au Kibembe anaitikia "ndiyo" kwa heshima hata pale ambapo hajaelewa. Mji wetu una watu wa kila kabila. Mtafuteni mmoja anayeaminika, awepo siku ya ziara ya daktari, amwombe mama arudie kwa maneno yake mwenyewe alichoambiwa: ugonjwa ni nini, dawa ni ngapi, ni mara ngapi kwa siku, ni dalili gani ya kuogopa. Mkalimani huyo ajue kunyamaza nje ya chumba. Ugonjwa wa mtoto si habari ya kuzungushwa sokoni Kadutu, na picha yake akiwa na mipira puani isitumwe kwenye makundi ya WhatsApp kwa ajili ya kuomba mchango bila mzazi kukubali; kama lazima picha iwepo, mikono ya mama inatosha.

Mambo ya fakiture yashughulikiwe kila juma. Familia nyingi hupewa jumla siku ya kutoka, hushtuka, na mtoto aliyepona hubaki hospitalini kwa sababu ya deni, huku kila siku inayoongezeka ikiongeza deni lenyewe. Kila Ijumaa, aliyeteuliwa na kikundi aende kwenye ofisi ya malipo aulize kiasi kilichofikiwa, alipe sehemu, achukue risiti, aiweke kwenye ule mfuko wa plastiki. Malipo yafanyike dirishani tu, yasipitie mkononi mwa mtu yeyote wa koridoni hata kama amevaa blauzi nyeupe. Hospitali kubwa zina asistanti sosiali, ambaye anaweza kuombea familia punguzo au malipo ya awamu. Aonwe juma la kwanza, wakati bado kuna la kupanga.

Ikiwa daktari ataamua kwamba tiba haipatikani hapa na mtoto avuke mto Ruzizi kwenda Rwanda, kusanyeni kwanza hati za safari za mtoto na za msindikizaji, idhini iliyoandikwa ya mzazi asiyekwenda, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na barua ya daktari inayomtaja daktari wa kule. Bila barua hiyo, safari ni ya kubahatisha.

Mtoto akifariki

Ni vigumu kuandika jambo hili, lakini kikundi kinacholikwepa huiacha familia peke yake katika saa mbaya kuliko zote. Watu wawili wa kikundi, pasipo kuwaambia wazazi, wajue mapema gharama ya kurudisha mwili, karatasi zinazotakiwa na dereva anayekubali kazi hiyo, na wajue pia kama familia ingekubali mazishi ya mjini. Siku hiyo mama asiachwe kwenda kwenye dirisha la malipo. Mtu mmoja abaki naye, mwingine ashughulikie hospitali, wa tatu apige simu kwa mzee wa familia, si kwa watoto. Na fungu la tatu la mchango, lile la kurudi, lisirudishwe kwenye kasha, ni lao.

Kurudi na kurudi tena

Siku ya kutoka, mtoto apewe dawa za kutosha mpaka mahali ambapo duka la dawa linaaminika, na hospitali iombwe karatasi ya majibu kwa muuguzi wa kijijini, ikieleza kilichofanywa na kinachopaswa kufuatiliwa. Karatasi hiyo ifikishwe kituo cha afya na mtu wa kikundi, kwa sababu mzazi aliyechoka huiweka chini ya godoro.

Kwa magonjwa mengi, kutoka hospitali ni mwanzo wa kazi ndefu. Mtoto wa miguu iliyopinda, baada ya plasta ya mwisho, huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma kwa saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku tu hadi afikishe karibu miaka minne, na asipovivaa miguu hurudi ilivyokuwa. Majirani watamwonea huruma, watasema anateswa, watamshauri mama amvue. Ndipo kikundi kinapohitajika kusimama upande wa mama, na kununua viatu vikubwa zaidi pale vile vya awali vinapombana.

Tarehe za rendevu ziandikwe kwenye daftari la kikundi pamoja na simu ya mzazi. Siku kumi kabla, mwenye daftari apige simu aulize kama nauli ipo. Siku mbili kabla, apige tena aulize kama wameondoka. Na jioni ya rendevu apige mara ya tatu aulize wamefika wapi, na ni nani aliyewapokea.